Kimo cha Maandishi katika Mchoro wa Kompyuta

Mwalimu achoraye ramani ya darasa kwa AutoCAD, programu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1982, huchora vitu kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa mita 8 huingizwa kama milimita 8,000. Skeli huja baadaye, wakati wa kuchapa, na hapo ndipo maandishi humponyoka. Akiandika neno "Mlango" kwa kimo cha milimita 2.5, kisha akachapa kwa skeli ya 1:100, herufi zitapungua mara mia na kuwa kama vumbi. Hana budi kuzidisha: 2.5 mara 100, yaani 250. Ni hesabu ile ile ya uwiano tuifundishayo.

Amri ya TEXT yatosha kwa majina ya vyumba. MTEXT hufaa maelezo marefu, kwani hukunja mistari yenyewe.

Lakini kwa mchoro wa kutundikwa ukutani, milimita 2.5 haifai kitu. Mtoto wa dawati la nyuma hasomi neno. Kimo kikubwa kabisa katika kanuni za ISO 3098 ni milimita 20. Ukichapa kwa 1:20, andika 400.