Kumbukumbu ya Pamoja ya Wasaidizi wa Kuandika Programu

Msaidizi wa akili unde atumiwaye kuandika programu za kompyuta, kwa tabia yake, hakumbuki mazungumzo yaliyopita. Kila kikao huanza kama mgeni afikaye mlangoni. Akiisha kuelezwa leo jinsi tarehe ziandikwavyo katika mradi fulani, kesho hana habari. Ndiyo sababu huwekewa daftari nje yake: faili la maandishi, kama AGENTS.md, au ghala lifikiwalo kwa itifaki ya MCP, iliyotolewa na Anthropic mwezi wa Novemba 2024. Wasaidizi wa makampuni mbalimbali huweza kusoma ghala lile lile, hata alilojifunza mmoja likamfaa mwenziwe.

Hatari imo katika ushirika huo huo. Neno “sasa” likiandikwa humo bila tarehe, hubaki “sasa” hata baada ya mradi kugeuzwa, na wote huipokea habari iliyochakaa kuwa kweli. (Wanafunzi wa lugha wanalijua vyema tatizo la maneno ya namna hiyo.) Mwenye kuandika hana budi kutaja siku, sababu, na nani aliyeamua. Tena la zamani lifutwe, lisiachwe kando ya jipya, kwa maana msaidizi akipewa yote mawili huenda akashika lolote.