Iga Barrière: Ukiwa na dolari 200, ununue mashini mpya au ile ya okazioni?

Kunako Iga Barrière, wilayani Djugu, kilomita kama 25 kaskazini ya mji wa Bunia, barabara ya taifa namba 27 inaendelea kuelekea Mahagi, na nyingine inakata kwenda Mongbwalu, kwenye dhahabu. Bidhaa nyingi zinazovuka mpaka wa Uganda kupitia Mahagi zinapita katika njia panda hii kabla ya kufika Bunia: sabuni, mafuta ya kupikia, vyuma vya pikipiki, na katikati ya katoni hizo, mashini. Ndiyo, mashini. Neno "kompyuta mpakato" ni la vitabuni, na hapa kwetu ukilitamka sokoni watakuangalia.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Bunia au wa ISP anayeandika kazi yake ya kumaliza masomo, mwalimu wa sekondari anayetayarisha maswali ya mitihani, mwenye kibanda cha sekretaria anayeandikia watu barua na kujaza muziki katika simu: wote wanajikuta mbele ya swali moja. Mfukoni kuna dolari 150, labda 200. Mara nyingi ni pesa ya mavuno, ya mbuzi waliouzwa, au ya mjomba aliyeko kwenye machimbo. Ikipotea, hakuna ya pili mwaka huo. Sasa, bei hiyo inunue mashini mpya ya bei ndogo, yenye plastiki yake bado juu ya kioo, au ile iliyotumika Ulaya ama Dubai, yenye mikwaruzo na jina la kampuni fulani lililobandikwa nyuma?

Tuchukue mfano wa mashini mpya ambao unajulikana sana duniani: HP Stream. Ilitoka mwaka 2014, ile ya inchi 11 ikiuzwa dolari 199 kule Marekani, na tangu hapo imetoka kwa sura nyingi. Ile ya inchi 14 inayotumia prosesa ya Intel Celeron N4020 ina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64.

Uzuri wake si wa kudharau. Ni nyepesi, karibu kilo moja na nusu, mtu anaiweka kwenye mfuko wa mgongoni na kupanda pikipiki bila kuchoka. Prosesa yake imetengenezwa kwa kiwango cha wati 6 tu, kumbe mashini nyingi za ofisi zinahesabiwa kwa wati 15. Kwa mtu anayeishi kwa pano ya jua hiyo ni tofauti kubwa. Halafu haina feni ndani. Wakati wa kiangazi, malori yanapopita na vumbi jekundu kuingia hadi ndani ya sahani ya chakula, mashini isiyo na feni haivuti vumbi hilo tumboni. Betri yake ni mpya, na hilo peke yake linawavutia wengi. Kuandika, kusoma PDF, kuangalia filamu, kufungua barua pepe: hayo yote inayafanya, polepole, lakini inayafanya.

Shida inaanza kwenye hizo GB 64. Windows 11 inadai angalau GB 64 za hifadhi na GB 4 za RAM ili ikubali kuingia. Maana yake, mashini hii mpya inazaliwa ikiwa kwenye mstari wa chini kabisa. Windows pamoja na masasisho yake inakula sehemu kubwa ya nafasi, na kila sasisho kubwa linataka nafasi nyingine ya kufanyia kazi. Ukiongeza Office, picha za simu na filamu chache, mashini inaanza kulia kwamba imejaa. Na hayo masasisho yanapakuliwa kwa mega ambazo wewe unazilipia.

Kuna na mtego mwingine ambao wauzaji hawauelezi. Nyingi za mashini hizi zinatoka kiwandani zikiwa katika hali ya S, yaani Windows inayokubali tu programu zinazotoka Microsoft Store. Rafiki akikupa VLC kwenye kle, mashini inakataa. Kutoka katika hali hiyo hakulipishwi, lakini kunahitaji intaneti na akaunti ya Microsoft, na ukishatoka hurudi tena. Kama unanunua Bunia, ifanyie kazi hiyo hukohuko, penye mtandao mzuri, kabla ya kupanda gari.

Lakini ubaya mkubwa kuliko yote ni huu: hifadhi na RAM zimechomelewa moja kwa moja juu ya ubao. Hazichomoki. Ubao ukiungua kwa sababu jenereta ilipandisha moto ghafla, au maji yakiingia kwenye klavye, hifadhi inakufa pamoja na ubao, na kazi yako yote imezikwa humo. Fundi wa kawaida mwenye bisibisi hana la kufanya.

Upande wa pili kuna mashini za ofisi zilizotumika. Mfano mmoja: HP EliteBook 840 G3, ya mwaka 2016, yenye Intel Core i5 ya kizazi cha sita. Nyingine za ukoo huo ni Dell Latitude na Lenovo ThinkPad za miaka hiyohiyo. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, siyo kwa ajili ya soko la bei rahisi, na hilo linaonekana ukizifungua. Unatoa vifuniko kwa bisibisi na kila kitu kiko mbele yako: nafasi mbili za RAM, diski, betri, feni. RAM ya GB 4 inaweza kuwa 8 au 16 siku pesa ikipatikana. Ina tundu la kebo ya mtandao, na ina tundu la VGA, ambalo mwanafunzi atalishukuru siku ya utetezi akikuta projekta ya zamani ukumbini.

Na diski inachomoka. Katika mji mwingine hilo lingekuwa jambo la mafundi peke yao. Hapa Djugu, ambapo tangu mwezi wa 12 wa 2017 mashambulizi yamehamisha watu mara moja, mara mbili, mara tatu, ni jambo la kila mtu. Mashini ikivunjika katika kukimbia, ikianguka kutoka kwenye pikipiki, ikilowa mvua njiani, diski inatolewa, inawekwa katika kasha dogo la USB au katika mashini ya jirani, na kurasa 60 za kazi ya chuo mara nyingi zinapatikana tena. Hata ukilazimika kuacha mashini nyuma, diski inaingia mfukoni. Kwa maoni yangu, sifa hiyo moja inazidi uzito wa plastiki mpya na betri mpya.

Tusidanganyane lakini, hizi okazioni zina magonjwa yake. La kwanza ni betri. Ya 840 G3 ilikuwa na kama wati-saa 46 ilipotoka kiwandani. Baada ya miaka mingi huenda imebaki nusu, au haishiki kabisa. Mbadala zinapatikana, ila nyingi sokoni si za kiwanda chenyewe.

Wenye pano za jua wapige hesabu kwanza. Betri ya gari ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600, na usipotaka kuiua mapema unatumia nusu tu, yaani 300. Kujaza betri nzima ya mashini kama hii kwa kupitia konvatisa kunakula karibu 60, ukihesabu kinachopotea njiani. Ni mara tano tu, kabla ya kuwasha taa hata moja au kuchaji simu ya mtu.

Ugonjwa wa pili ni Windows. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025 Microsoft ilimaliza kuhudumia Windows 10, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane. Kuna nyongeza ya mwaka mmoja, hadi mwezi wa 10 wa 2026, kwa anayejiandikisha. Mashini haizimiki siku hiyo, itaendelea kuandika na kuchapisha, lakini milango yake haitengenezwi tena, na sisi tunajua kle za sekretaria zinavyobeba virusi kutoka mashini hadi mashini. Njia ya uhakika zaidi ni kuweka Linux, kwa mfano Ubuntu au Mint, ambazo ni za bure na virusi vingi vya kle haviziwezi. Kasoro yake: hati ya Word yenye majedwali mengi ikifunguliwa katika LibreOffice inaweza kuhama mistari, na profesa hataki kusikia sababu. Mwanafunzi apeleke toleo la PDF.

Kuna na mambo madogo yanayokera. Mashini zinazopitia Kampala au Dubai zinakuja na klavye ya QWERTY, kumbe sisi tumejifunza AZERTY. Herufi unaweza kuzibadilisha ndani ya mipangilio, lakini maandishi juu ya vitufe yanabaki yaleyale. Chaja ya Uganda ina meno matatu ya mraba na prizi zetu ni za duara. Adapta ni rahisi, ila ile ya ovyo inayolegea ndiyo inayochoma chaja.

Anayekwenda kununua asitoe pesa kabla ya kufanya mambo machache. Mashini izimwe, iwashwe tena huku akibonyeza F10 kama ni HP: ikidai neno la siri kabla ya kuonyesha mipangilio, airudishe, maana kampuni iliyokuwa nayo haijaifungua, au iliibwa. Kisha, ndani ya Windows, afungue dirisha la amri na kuandika powercfg /batteryreport. Bila intaneti, mashini itatengeneza ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inashika kiasi gani. Chini ya nusu, bei ishuke. Ajaribu kila kitufe, kila tundu la USB, kamera, na aiache ikifanya kazi bila chaja wakati anaendelea kubishana bei. Muuzaji anayekataa robo saa hiyo amekwishakujibu.

Nani basi anunue mashini mpya ndogo? Yule ambaye moto wake ni pano moja ndogo, anayeandika maandishi tu, na mwenye desturi ya kuhifadhi kila jioni nakala kwenye kle na nyingine kwenye simu. Mwenye sekretaria, anayewasha asubuhi na kuzima usiku, aiache. GB 64 zitamjalia kabla ya mwezi kwisha. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho achukue ile ya zamani, abakize dolari 20 au 30 za betri, na kasha la USB la diski alinunue siku hiyohiyo.