Je, wajua tairi la gari la mbio huinamishwa makusudi?

Ukiitazama kwa mbele Mazda MX-5 iliyoandaliwa kwa ajili ya saketi, utadhani imepata ajali. Matairi yamelala: juu yameingia ndani, chini yametoka nje. Gari la nyumbani likikaa hivyo, jirani atakushauri ulipeleke gereji kabla tairi halijaliwa upande. Kwenye saketi, mlalo huo umewekwa na fundi aliyekaa chini akaupima kwa sehemu za digrii.

MX-5 ilioneshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989, na kwao Japani iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 1,000 na injini ya lita 1.6 isiyo na nguvu za kutisha. Gari kama hilo haliwezi kumwacha mtu kwenye barabara iliyonyooka. Likitaka kushinda, lishinde konani, na hapo ndipo wahandisi wake walipoweka akili. Kila gurudumu, la mbele na la nyuma, limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na mkono wa chini una boliti za kurekebishia: ukizungusha boliti, mkono unasogea kidogo na gurudumu linabadili mkao. Si magari mengi ya bei yake yaliyompa fundi uhuru huo kwenye pembe zote nne.

Sasa tuingie konani. Gari likikata kulia kwa kasi, bodi inaegemea kushoto na uzito unahamia matairi ya kushoto, zaidi lile la mbele. Bodi inapoegemea inalivuta tairi liegemee nayo, na ukuta wa mpira unajikunja kuelekea chini ya rimu. Tairi lililokuwa wima linabaki kukanyaga kwa ukingo wake wa nje tu, huku sehemu kubwa ya mpira ikikaa bila kazi. Lakini kama lilianza likiwa limelala ndani, kona ile ile italiinua, na litakanyaga kwa upana wake wakati ambao gari linahitaji kushika lami kuliko wakati mwingine wote. Mlalo huo ndio kemba. Kiwandani, kemba ya mbele ya MX-5 ya kwanza iliwekwa karibu na sifuri. Wanaoikimbiza kwenye saketi huilaza hadi nyuzi (digrii) 2.5 au 3. Nyuma hupewa pungufu kidogo, kwa kuwa matairi ya nyuma ndiyo yanayolisukuma gari, na dereva anapotoka konani akikanyaga mafuta anataka yakae sawasawa.

Kuna gharama yake. Dereva anapofunga breki kwenye mnyoofu, tairi lililolala linakanyaga zaidi kwa upande wa ndani, na umbali wa kusimama unaongezeka. Kwa hiyo fundi hatafuti kemba kubwa kabisa. Anatafuta ile inayotosha kona za saketi hiyo. Kwenye viwanja vya Marekani vya mbio za duara, kama Indianapolis, ambako kona zote ni za kushoto, matairi ya kulia hulazwa ndani na ya kushoto hulazwa nje, na gari zima linaonekana kama limesukumwa na upepo.

Baada ya kemba kuna kasta. Haionekani kirahisi, na naona haipewi heshima inayostahili. Ni ule mwegemeo wa kurudi nyuma wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka linapokatwa, kama uma wa mbele wa baiskeli. Huo ndio unaoufanya usukani urudi katikati wenyewe. Tena ukikata usukani, kasta inalilaza tairi la nje kuelekea ndani ya kona, yaani inakupa kemba ya ziada pale pale unapoihitaji, na kwenye mnyoofu inaichukua tena. Mafundi wengi wa MX-5 huweka kasta ya nyuzi 5 hivi, wakikubali usukani mzito kidogo.

Linabaki suala la uelekeo: je, matairi mawili ya mbele, ukiyatazama kwa juu, yanatazama mbele sawasawa, yanaelekeana, au yanaachana? Yakiachana kidogo, gari linaitikia usukani upesi, lakini kwenye mnyoofu linatangatanga. Nyuma ni kinyume: huko matairi huelekezwa ndani kidogo ili mkia utulie. Matairi ya nyuma yakiachana, mkia unaweza kumponyoka dereva katikati ya kona, na kwa maoni yangu hakuna kosa la alaimenti, yaani la kupanga mkao wa matairi, lililo hatari kuliko hilo.

Februari 2020, kwenye majaribio ya Formula 1 huko Barcelona, kamera ilimnasa Lewis Hamilton akivuta usukani wa Mercedes kifuani kwenye mnyoofu, kisha akiusukuma mbele tena kabla ya kona. Kila alipovuta, mtambo uliounganishwa na usukani ulibadili uelekeo wa matairi ya mbele gari likiwa katika mwendo. Timu ya Red Bull iliwasilisha malalamiko Austria mwezi Julai, yakakataliwa. Hata hivyo kanuni za 2021 ziliupiga marufuku mtambo huo.

Kwa sisi wengine, uelekeo hupimwa gari likiwa limesimama, na vifaa vyake ni rahisi ajabu. Fundi hufunga uzi kila upande wa gari, umekaza, sambamba na mwenzake, kwenye kimo cha katikati ya gurudumu. Kisha anashika rula na kupima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, halafu ukingo wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 1 ni kama sehemu moja ya sita ya digrii, na dereva mzuri ataihisi. Kabla ya kupima, upepo wa matairi huwekwa sawa, na uzito wa dereva huwekwa kitini. Kimo cha gari hutangulia, kisha kasta na kemba. Uelekeo hufuata mwisho, kwa sababu ukigusa vile vingine wenyewe unabadilika.

Vipimo vyote hivyo ni makadirio mpaka tairi liulizwe. Gari likiingia piti tu, kabla halijapoa, fundi anachoma sindano ya kipimajoto ndani ya mpira mara tatu: ndani, katikati, nje. Upande wa nje ukiwa na joto zaidi, kemba haitoshi. Wa ndani ukizidi kidogo ni sawa. Ukizidi mno, kemba imepita kiasi. Katikati ikiwa moto kuliko pande zote mbili, punguza upepo.

Kupita kiasi kuna hatari. Kwenye mbio za Formula 1 huko Spa mwaka 2011, Red Bull walizidisha kemba ya mbele kuliko nyuzi 4 ambazo Pirelli, watengenezaji wa matairi, walipendekeza, na matairi yakatoka malengelenge kabla ya mbio kuanza. Madereva wao, Sebastian Vettel na Mark Webber, walilazimika kuingia piti mapema. Walimaliza wa kwanza na wa pili, lakini hofu ya tairi kupasuka ilikuwa kubwa.

Wenye gari moja la saketi na la kwenda kazini huogopa kemba kwamba itatafuna matairi. Kinachoyatafuna upesi zaidi ni uelekeo mbaya, kwa kuwa tairi linaburutwa upande kila mita ya safari. Ndiyo maana wengi huiacha kemba kwenye nyuzi 2 hivi mwaka mzima, wakagusa tairodi pekee, vile vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu: asubuhi ya mbio wanalegeza nati, wanazungusha kushoto na kulia kwa kiasi kile kile ili usukani usipinde, na jioni wanarudisha kwenye alama ya rangi kabla ya kuingia barabara kuu.