Krimu za Steroidi na Ngozi Inayowasha

Krimu na marhamu za steroidi hutuliza mwasho kwa kupunguza makali ya kinga ya mwili pale ngozi inapovimba. Ngozi nyeupe ikivimba huwa nyekundu. Nyeusi mara nyingi huiva rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, na ndiyo maana ukali wa ugonjwa hudharauliwa. Steroidi ya kwanza kupakwa kwa mafanikio ilikuwa haidrokotisoni, nchini Marekani mwaka 1952. Baadaye zikaja nyingine zenye nguvu kuizidi sana, na leo wakazi wa Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, huzipata kwa cheti cha daktari, au bila cheti.

Wilaya ya Kasese ina kazi zinazochokoza ngozi. Wachimbaji wa chumvi wa ziwa Katwe husimama kwa saa nyingi ndani ya maji ya chumvi kali, na vumbi la saruji, bidhaa inayotengenezwa Hima, hukausha na kupasua mikono ya wanaoishika ikiwa kavu au imelowa. Ukurutu wa namna hiyo hutulia kwa krimu, lakini hurudi iwapo mtu anarudi kazini bila glovu wala buti. Dawa haiwezi kushinda chanzo kinachoendelea.

Hatari kubwa zaidi imo katika sifa yenyewe ya dawa hii: hupunguza mwasho hata pale ilipopakwa mahali pasipostahili. Choa kikipakwa steroidi hufifia pembezoni, mgonjwa hufurahi, huku fangasi wakisambaa. Akiacha, mwasho hurudi kwa nguvu, naye hununua tyubu nyingine. Krimu zinazochanganya steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria hupendwa madukani kwa sababu zinaonekana kutibu kila kitu. India, ambako zimetumiwa ovyo kwa miaka mingi, sasa inahangaika na fangasi sugu. Upele nao hujificha vivyo hivyo. Iwapo watu kadhaa wa nyumba moja wanajikuna usiku, hasa katikati ya vidole na kwenye viwiko vya mikono, wote wanahitaji kutibiwa siku moja kwa pemethrini au benzili benzoeti.

Namba za kwenye tyubu nazo hudanganya. Haidrokotisoni ya asilimia 1 ni dhaifu, betamethasoni valereti ya asilimia 0.1 ni kali, na klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote. Anayedhani namba ndogo ni dawa nyepesi huenda akampaka mtoto dawa ambayo hata mtu mzima hapaswi kuitumia zaidi ya wiki mbili mfululizo, wala kuzidisha gramu 50 kwa wiki. Kinachofaa kusomwa ni jina la dawa lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara. Bidhaa zinazovuka mpaka wa Mpondwe kutoka Kongo huweza kuwa na maandishi ya Kifaransa, lakini majina hayo hubadilika kidogo tu. Nchini Uganda maduka madogo yenye leseni ya daraja C hayaruhusiwi kuuza dawa za cheti. Yakifanya hivyo, mnunuzi hana wa kumchunguza.

Kipimo ni rahisi. Krimu inayokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole. Hupakwa mara moja au mbili kwa siku, juu ya sehemu yenye ugonjwa tu. Vaseline ya kulainisha hupakwa muda tofauti, walau nusu saa kabla au baada, na inaweza kuendelea hata steroidi ikiachwa.

Uso, kope, makwapa na kinena hunyonya dawa zaidi, kwa hiyo hupewa iliyo dhaifu, kwa siku chache. Karibu na macho dawa kali huweza kuongeza presha ya jicho. Chini ya nepi, hasa iliyofunikwa plastiki, hufyonzwa kwa wingi, na mtoto huweza kudumaa.

Wapo wanaoipaka usoni ili kujichubua. Rangi hupungua kweli, kisha ngozi hukonda, mishipa huonekana, chunusi huibuka na michirizi isiyofutika hutokea.

Aliyetumia dawa kali kwa miezi asiiache ghafla: mwili unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni yake, na uchovu mkubwa, kutapika au kuzimia ni dharura. Arudi kwa mhudumu wa afya, katika hospitali ya Bwera, Kagando au Kilembe, akiwa na tyubu yenyewe hata kama imekwisha, ili nguvu ya dawa ijulikane na ipunguzwe hatua kwa hatua.