Kabla Hujamponda, Mpige Picha

Mvua zikinyesha mfululizo, hasa miaka ya El Niño, taa ya barazani huita kila kiumbe chenye mabawa. Kumbikumbi tunawajua, na nondo pia. Lakini yupo mmoja mwembamba, mwekundu wa machungwa aliyekatizwa na nyeusi, anayekimbia ukutani huku amebinua ncha ya tumbo juu. Wengi humgundua akiwa tayari anatambaa shingoni, na mkono unampiga kofi kabla mwenyewe hajafikiri. Balaa huanzia kwenye kofi hilo.

Huyo ndiye Nairobi Fly. Pamoja na jina lake si nzi, ni mbawakawa wa jenasi Paederus, na Afrika Mashariki wanaotajwa zaidi ni Paederus sabaeus na Paederus eximius. Haumi wala hadungi. Hakojoi juu ya mtu pia, ingawa "nimekojolewa na mdudu" ndiyo maelezo ambayo wahudumu wa zahanati wameyazoea. Sumu yake, iitwayo pederini, imo katika maji ya mwili wake. Akitembea tu juu ya ngozi na kwenda zake, kwa kawaida hakuna kinachotokea. Akipondwa, maji yale hupakwa kwenye ngozi na kuzuia seli kutengeneza protini, na seli isiyotengeneza protini haina maisha marefu.

Sumu yenyewe ina historia ya kushangaza. Ili kupata kiasi cha kutosha kuichunguza, wanakemia wa Italia katika karne iliyopita walilazimika kukusanya wadudu wapatao milioni 25 wa jenasi hii. Baadaye, mwaka 2002, mwanasayansi Jörn Piel alionyesha kwamba mdudu si fundi wa sumu hiyo: inatengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Jike huirithisha kwa mayai yake, na buibui wawindaji wakionja lava waliotoka katika mayai hayo huwatema. Kwa maneno mengine, silaha hii ililengwa kwa buibui. Sisi tunajiingiza katika ugomvi usiotuhusu.

Kinachowachanganya watu ni kuchelewa kwa dalili. Usiku ule hutahisi kitu. Wekundu na mwasho wa kuunguza huja baada ya saa 12 hadi 48, kisha malengelenge na usaha kufikia siku ya tatu au ya nne. Kufikia hapo nani atakumbuka mdudu aliyemfuta shingoni juzi? Lawama huangukia sabuni mpya, au buibui. Wapo pia wanaoona mstari wa malengelenge wakaamini ni mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi hufuata njia ya mshipa wa fahamu, hukaa upande mmoja wa mwili, na mara nyingi maumivu hutangulia upele. Alama ya Paederus hufuata njia ya kiganja kilichomburura mdudu, kwa hiyo yaweza kuvuka katikati ya mwili bila shida. Kwenye mkunjo wa kiwiko au wa goti hutokea hata alama mbili zinazotazamana, maana ngozi moja imeipaka nyenzake.

Ndiyo sababu nasema picha ya mdudu ni sehemu ya matibabu. Akiwa juu yako, mpulize, au mtegee karatasi apande mwenyewe. Mfunike kwa glasi, pitisha karatasi ngumu chini yake, umpeleke mezani. Kama hatulii, mtie kwenye chombo cha plastiki chenye kifuniko na umweke dakika chache kwenye friji, si kwenye friza; baridi humpunguzia mbio.

Kosa la wengi ni kusogeza simu karibu mno. Kamera nyingi za simu haziwezi kulenga vizuri kitu kilicho umbali wa vidole viwili, hivyo rudi nyuma hadi picha iwe kali, halafu ikate baadaye. Zima flashi, kwa sababu mgongo wake unang'aa na mwanga ule utafuta rangi unayoitafuta. Ukiweza, subiri asubuhi upige kando ya dirisha, mdudu akiwa juu ya karatasi nyeupe na rula kando yake. Piga kutoka juu, piga na ubavuni. Picha moja ya juujuu haitoshi.

Sasa soma ulichopiga. Urefu ni kama punje ya mchele, milimita 6 hadi 10 hivi. Kichwa ni cheusi, kifua chekundu cha machungwa, kisha kipande kifupi cha bluu au kijani chenye kung'aa, tumbo jekundu tena, na ncha nyeusi. Kile kipande cha bluu ndicho ushahidi mkubwa: ni magamba mafupi ya mabawa, nayo mabawa yenyewe yamekunjwa chini yake. Siafu hana magamba hayo. Yupo mwingine mwenye umbo la kufanana lakini ana koleo mkiani. Huyo si wetu.

Programu kama iNaturalist, iliyoanzishwa mwaka 2008 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, itapendekeza jina mara tu unapopakia picha, kisha watu wengine hulithibitisha au kulipinga. Mimi huiamini ikitaja jenasi, na huwa mgumu ikitaja spishi. Familia ya mbawakawa hawa ina spishi zaidi ya 60,000, na baadhi hutenganishwa kwa viungo vya ndani ambavyo simu haivioni. Kwa ngozi yako, kujua ni Paederus kunatosha. Ficha tu mahali halisi pa nyumba yako kabla hujaipakia. Anayetaka zaidi ya hapo, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyo wa wadudu, na Nairobi kuna icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970.

Kama tayari umemponda, osha mahali hapo mara moja kwa maji mengi na sabuni, pamoja na mikono, na usiguse macho. Nguo au shuka iliyomgusa ifuliwe. Dawa ya meno na majivu havisaidii. Kitambaa cha maji baridi hutuliza, na daktari anaweza kukupa krimu ya steroidi, au antibayotiki vidonda vikiingiwa na vijidudu. Sumu ikifika jichoni, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonda vingi hupona ndani ya wiki mbili au tatu, ila doa jeusi huweza kubaki kwa miezi.

Kumpulizia dawa uwanja mzima sioni faida yake. Shambani, hasa kwenye mpunga, anakula wadudu waharibifu. Zima taa ya nje mapema, weka wavu madirishani na ulale ndani ya chandarua. Na ukienda zahanati, beba picha mbili: ya mdudu, na ya ngozi ilivyokuwa siku ya kwanza, kabla hujaipaka chochote.