Kipima Unyevu Hakiujui Udongo Wetu Mpaka Kifundishwe

Kila mkulima wa mahindi aliyewahi kupeleka mavuno kwenye bohari la Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) anaijua nambari 13.5. Hiyo ndiyo asilimia ya juu kabisa ya unyevu inayokubaliwa. Punje huchotwa, hutiwa kwenye kipimo, na nambari inayotokea huamua kama gunia litaingia bohari au litarudi kuanikwa. Mkulima huyo anajua pia kwamba kipimo kikiwekwa kwa ngano kisha kikatiwa mahindi, nambari itakayotoka si ya kweli, hata kama kifaa chenyewe ni kizima.

Udongo nao una unyevu wake, na siku hizi kuna vifaa vingi vya kuupima. Vingine huchomekwa ardhini na kutuma ujumbe kwa simu, na vingine viko angani kwenye setilaiti. Wanasayansi wanaovitengeneza na kuvijaribu hukutana katika makongamano kulinganisha matokeo yao. Makala haya yanaeleza vifaa hivyo hufanya kazi vipi, na kongamano la namna hiyo huandaliwa vipi likitakiwa kumfaa mkulima wa Kitale na jirani yake wa Bungoma.

KWA NINI JAMBO HILI LINAKUHUSU

Trans Nzoia, wengi wetu tunapanda mahindi mara moja kwa mwaka, mvua ndefu zinapoanza kati ya Machi na Aprili, na tunavuna kuanzia Oktoba. Bungoma, hasa sehemu za chini, wakulima wengi wana misimu miwili. Kote kuwili, mvua mbili tatu za kwanza zinaweza kunyesha kwa nguvu, kisha jua likawaka wiki mbili mfululizo. Aliyeharakisha kupanda hupoteza mbegu, ambayo kwa kawaida ni kilo 10 hivi kwa ekari, pamoja na mbolea na malipo ya vibarua. Aliyengoja mno naye hupoteza siku za msimu ambazo hazirudi.

Uamuzi huo unategemea swali moja: maji yameingia ardhini kiasi gani? Mvua ya milimita 25 juu ya ekari moja ni takriban lita 100,000 za maji. Zote zikizama bila kutiririka, udongo mkavu wa kichanga unaoweza kupokea milimita 8 katika kila sentimita 10 za kina utalowa hadi sentimita 30 hivi. Mfinyanzi mkavu unaoweza kupokea milimita 15 katika kina hicho hicho utalowa sentimita 17 tu. Mvua ni ile ile, lakini mbegu iliyofukiwa sentimita 5 katika mashamba hayo mawili haina akiba sawa ya maji chini yake.

NAMBARI MOJA, MAANA MBILI

Chukua kipima unyevu kinachosoma asilimia 20, yaani kila lita moja ya udongo ina mililita 200 za maji. Katika udongo wa kichanga, kama unaopatikana sehemu za Bumula, shamba hilo limeshiba. Katika mfinyanzi mzito wa miteremko ya Mlima Elgon, mahindi yanaweza kuwa yameanza kunyauka, kwa sababu mfinyanzi huyashika maji kwa nguvu hata mizizi ikashindwa kuyavuta. Mtu akikuuzia kifaa na kukwambia "ikifika 20 mwagilia," muulize: 20 ya udongo gani?

Vipima unyevu vingi vina vijiti viwili au vitatu vya chuma. Vijiti hivyo hupeleka mawimbi ya umeme udongoni na kupima jinsi udongo unavyoyapokea. Kwa kipimo kinachotumika, hewa hupata 1, udongo mkavu hupata kati ya 3 na 5, na maji hupata takriban 80. Kwa hiyo maji yakiongezeka hata kidogo, kifaa huona tofauti. Mwaka 1980 watafiti Topp, Davis na Annan wa Kanada walichapisha kanuni ya kugeuza vipimo hivyo kuwa asilimia ya maji, na kanuni hiyo inatumika sana mpaka leo. Hata hivyo, ilitokana na udongo walioupima wao. Wingi wa mfinyanzi, chumvi, joto, na madini ya chuma yanayoupa udongo wetu rangi nyekundu vinaweza kuipotosha.

Aina nyingine ni bomba lenye kikombe cha kauri mwishoni, linalojazwa maji na kufukiwa. Hilo halihesabu maji yaliyopo, bali hupima nguvu ambayo mmea unahitaji ili kuyavuta. Kwa kuwa linapima kile ambacho mzizi wenyewe unakutana nacho, halichanganywi sana na aina ya udongo, lakini linahitaji kujazwa maji tena na kukaguliwa mara kwa mara.

Setilaiti nazo zina mipaka yake. Shirika la Anga la Ulaya lilirusha setilaiti ya SMOS mwezi Novemba 2009, na NASA ya Marekani ikarusha SMAP tarehe 31 Januari 2015. SMAP hupita juu ya eneo lile lile kila baada ya siku mbili au tatu na kusikiliza mawimbi hafifu yanayotoka ardhini. Lakini inaona sentimita 5 za juu tu, na kipimo chake cha asili ni eneo lenye upana wa kilomita 36 hivi. Eneo kama hilo linaweza kumeza mji wa Kitale, mashamba ya Kiminini na sehemu ya miteremko ya mlima kwa pamoja. Linafaa kuonya juu ya ukame wa eneo zima, lakini haliwezi kukwambia kuhusu ekari yako mbili.

MIZANI NA TANURI

Dawa ya upotovu huu ni ya zamani, tena rahisi. Unachota udongo kando ya kifaa na kuupima uzito. Unauweka katika tanuri ya maabara yenye nyuzi joto 105 kwa saa 24, kisha unaupima tena. Kama ulikuwa gramu 250 na sasa ni gramu 200, gramu 50 zilizopotea ni maji, yaani asilimia 25 ya uzito wa udongo mkavu. Sampuli ikichotwa kwa pete ya chuma ambayo ujazo wake unajulikana, hesabu hiyo hugeuzwa kuwa asilimia ya ujazo, ile ambayo kifaa huonyesha. Ukirudia kazi hii udongo ukiwa umelowa, ukiwa wastani na ukiwa mkavu, unapata kanuni ya udongo huo. Hapo ndipo kifaa kinakuwa kimefundishwa.

Kitale haikuanza leo kudai jambo lijaribiwe hapa kwanza. Mahindi chotara ya H611, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, yalitokana na kazi iliyofanywa katika kituo cha utafiti cha Kitale, ambacho leo kiko chini ya KALRO. Mbegu ya Kitale ilichanganywa na mbegu iliyotoka Ecuador, na uzao wake ukajaribiwa katika nyanda zetu za juu kabla ya kupewa mkulima. Kifaa cha kupima udongo kinastahili mtihani wa namna hiyo hiyo.

KONGAMANO LINAANDALIWA VIPI

Wengi wakisikia neno kongamano huwaza ukumbi wa hoteli, hotuba na chai. Kongamano la kisayansi lina kazi mahususi: watafiti huleta matokeo yao mbele ya wenzao wanaoweza kuyapinga. Likiandaliwa vizuri, hupitia hatua zifuatazo.

Kwanza ni swali. Kamati ya maandalizi huamua kongamano litajibu nini. "Teknolojia ya unyevu wa udongo" ni kichwa cha habari tu. Swali lingekuwa: ni vifaa gani vinasoma sawasawa katika udongo mwekundu wa Trans Nzoia na udongo wa kichanga wa Bungoma, na kwa gharama gani?

Pili ni mchujo. Watafiti hualikwa kutuma ikisiri, yaani maelezo mafupi ya utafiti wao. Kila ikisiri husomwa na wataalamu wengine, mara nyingi bila kujua mwandishi ni nani. Mwenye kampuni ya kuuza vifaa anaweza kuja na meza yake ya maonyesho, lakini tangazo la biashara halipaswi kupita kama utafiti.

Tatu ni tarehe na mahali. Kwetu hapa, Machi na Aprili mkulima yuko shambani akipanda, na kuanzia Oktoba anavuna. Januari na Februari zinafaa zaidi. Ardhi ni kavu, kwa hiyo vipande vya majaribio vinaweza kumwagiliwa kwa kiasi kinachojulikana, na matokeo yanapatikana kabla ya kupanda. Mahali pa kazi tunapo: Kitale kuna kituo cha KALRO, na Bungoma kuna Chuo Kikuu cha Kibabii na Kituo cha Mafunzo ya Kilimo cha Mabanga. Siku moja ikifanyika upande huu na nyingine upande ule, aina mbili za udongo zinaonekana kwa macho, na wakulima wa kaunti zote mbili hawasafiri mbali.

Nne ni vibali. Utafiti nchini huhitaji leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI). Mgeni hawezi kuja na udongo kutoka nje bila kibali cha KEPHIS, kwa kuwa udongo unaweza kubeba magonjwa ya mimea. Na pale ambapo jina lako, simu yako au mahali lilipo shamba lako vinaandikwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuelezwa taarifa hizo ni za kazi gani.

Tano ni siku ya shambani, ambayo ndiyo moyo wa shughuli yote. Vifaa vyote huchomekwa katika kipande kimoja cha ardhi, kwa kina kimoja, siku moja. Sampuli huchotwa kando ya kila kifaa na kupelekwa kwenye tanuri. Kesho yake nambari za vifaa na za tanuri huandikwa ubaoni bega kwa bega, mbele ya watengenezaji na wakulima. Kongamano lisilokuwa na siku hii litatoa vitabu vizuri, lakini halitakwambia ununue kipi.

Sita ni ripoti. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi, yasomwe katika mabaraza na kufikishwa kwa maafisa wa kilimo wa nyanjani.

KAZI YA KAUNTI

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeikabidhi serikali ya kaunti kilimo, pamoja na utekelezaji wa sera za kuhifadhi udongo na maji. Vyuo vikuu na taasisi za utafiti vimebaki kwa serikali ya kitaifa. Mtafiti yuko upande mmoja na afisa anayemtembelea mkulima yuko upande wa pili. Kongamano ni mojawapo ya mahali ambapo wawili hao wanaweza kuketi meza moja. Fedha za umma zikitumika, ununuzi wote hufuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015, na mwananchi ana haki ya kuomba taarifa chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba.

Faida yake si ya kubahatisha. Kiwere, katika mkoa wa Iringa nchini Tanzania, wakulima wa skimu ya umwagiliaji walipewa kifaa kiitwacho Chameleon, chini ya mradi ulioanza mwaka 2013 kwa ushirikiano na watafiti wa Australia. Kifaa hicho hakionyeshi nambari. Kina taa za rangi tatu: buluu, udongo umelowa, kijani, unyevu unatosha, nyekundu, umekauka. Vipande vyake hufukiwa katika vina mbalimbali, kwa hiyo mkulima huona maji yamefika wapi. Wakulima waligundua walikuwa wakimwagilia zaidi ya haja, na maji ya ziada yalikuwa yakiosha mbolea na kuipeleka chini kupita mizizi. Walipunguza zamu za kumwagilia, wakapata muda wa kazi nyingine.

MASWALI YA KUULIZA

Ukialikwa katika kongamano, au muuzaji akifika kwako na kifaa, uliza haya:

1. Kifaa hiki kimelinganishwa na tanuri katika udongo wa wadi yetu, au kimejaribiwa ng'ambo tu?
2. Kinapima kina gani: sentimita 5 za juu, au pale mizizi ilipo?
3. Betri ikiisha au waya ukikatwa na fuko, nani atatengeneza na kwa shilingi ngapi?
4. Taarifa za shamba langu zitakaa kwa nani?
5. Nambari ikishatoka, nifanye nini nayo: nipande, ningoje, au nimwagilie?

Wakati huo huo, jembe lako bado ni kipimo kizuri. Kabla ya kupanda, chimba sehemu tatu au nne za shamba hadi sentimita 30. Chukua udongo wa chini na uufinye mkononi. Ukivunjika kama unga, unyevu haujafika. Ukishikana bonge bila kudondosha maji, kuna akiba chini. Udongo wa kichanga haushikani vizuri hata ukiwa na maji, kwa hiyo anayelima huko aujue mkono wake na udongo wake. Andika tarehe na ulichokiona katika daftari. Daftari la misimu mitatu, likiwekwa mbele ya watafiti, litawasaidia kujua kama kifaa chao kinasema kweli kuhusu shamba lako.