Mfupa uliogeuka jiwe: Uache ulipo, toa taarifa

Wakaazi wa Korbesa na maeneo mengine ya kaunti ndogo ya Merti wanaokuta mifupa ya kale wakichunga mifugo, wakichimba visima au wakichota mchanga lagani wanahimizwa kuiacha ilipo na kumjulisha chifu. Wataalamu hukadiria umri wa kisukuku kwa kupima tabaka la udongo na mawe lililokihifadhi. Kikihamishwa bila kumbukumbu ya mahali, ushahidi huo hupotea.

Kukitambua

Mifupa mingi iliyotapakaa malishoni ni ya mifugo na wanyamapori waliokufa miaka ya karibuni. Hiyo huwa myepesi na meupe. Kisukuku huwa kizito kama jiwe kwa sababu madini ya maji ya ardhini yamejaza vitundu vyake, na mara nyingi huwa na rangi ya kahawia au nyeusi. Jiwe la kawaida laweza kufanana na mfupa, lakini penye mvunjiko halina vitundu vidogo kama vya sifongo.

Jino husaidia zaidi kumjua mnyama. La ng'ombe, mbuzi au ngamia lina alama za mwezi mwandamo sehemu ya kutafunia. La pundamilia ni refu, lenye pembe nne na mikunjo mingi. Gego la ndovu lina matuta yaliyopangana kama shamba lililolimwa.

Usiujaribu mfupa kwa ulimi wala kuuvunja. Vimelea vya kimeta huweza kuishi miaka mingi kwenye udongo na mabaki ya mizoga.

Kipande kidogo, habari kubwa

Mwaka 1984, Kamoya Kimeu aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, Turkana. Uchimbaji uliofuata ulifichua karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita.

Taya na meno yaliyopatikana Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1981 yalikaa kwenye droo ya makavazi jijini Nairobi hadi yalipotambuliwa rasmi mwaka 2019 kuwa ya Simbakubwa, mla nyama mkubwa kuliko simba. Kwa kuwa mahali yalipotoka palijulikana, umri wake, takriban miaka milioni 22, uliweza kukadiriwa.

Sheria inasemaje

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kisukuku kuyaarifu Makavazi ya Kitaifa ya Kenya ndani ya siku 7, akieleza mahali na jinsi alivyokipata. Kuchimbua visukuku bila leseni ni kosa, na pia kuvipeleka nje ya nchi bila kibali.

Ukikuta kisukuku:

• Kipige picha kikiwa mahali pake, ukiweka sarafu kando kuonyesha ukubwa.
• Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, au weka alama ya mawe.
• Mjulishe chifu ili taarifa ifike makavazi.
• Ikiwa tayari umekiokota, usikisafishe wala kukiuza. Andika ulipokitoa, kisha ukikabidhi.